Mgonjwa wa Alama Themanini na Tano

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Jerop hupona.

Hupona kuanzia saa kumi na moja alfajiri, anapomeza vidonge viwili vyeupe alivyoviweka akiba ndani ya kopo la majani chai. Daktari alimpa vidonge vile kwa ajili ya siku mbaya, siku ambazo vidole vinakataa kabisa. Lakini Jerop hajaona siku mbaya kuliko ile ya kusimama mbele ya watu wenye makoti meupe ukiwa umepindapinda kama kuni. Kwa hiyo siku nyingine zote anauma meno. Jumanne ya kliniki anameza, anangoja, na ikifika saa nne maumivu yamerudi nyuma kama mbwa aliyefukuzwa kwa fimbo. Hayajaenda mbali. Yamekaa tu uani yakiangalia mlango.

Jumanne hiyo ya Oktoba, Cate alikuwa amepiga magoti mbele yake akimfunga vifungo vya gauni. Cate ni bintiye, ana miaka ishirini na tatu, na anafanya kazi ya saluni mjini. Kabla hajaenda kusuka vichwa vya watu, humwogesha mama yake, humvalisha, humchana nywele, na humshikia kikombe cha chai mpaka vidole vitakapokubali kukishika.

"Mum, hii gauni ina vifungo kumi na moja. Nani alishona hii kitu?"

"Ni mimi."

"Basi ulikuwa umekasirika."

"Nilikuwa na vidole," Jerop akasema. "Funga viatu. Hivyo vyeusi."

"Vya kanisa? Mum, unaenda hospitali."

"Ndiyo maana nakuambia hivyo vyeusi."

Viatu hivyo vilikuwa na historia yake. Mamake Jerop, aliyelima mahindi huko Moi's Bridge hadi alipozikwa, hakuwahi kukanyaga zahanati bila viatu vya kanisani. Nesi akikuona na matope, alikuwa akisema, atafikiri kwenu hakuna watu. Mtoto aliyechomwa na mwiba akalia alichekwa na nyumba nzima, na mtu mzima aliyeulizwa hali yake alijibu njema kwanza, hata kama alikuwa amebebwa kwa machela. Jerop alinyonya hayo pamoja na maziwa. Ana miaka hamsini na mbili sasa, na bado yamo mwilini mwake kuliko dawa yoyote.

Pale mtaa wa Munyaka, Eldoret, wanamjua kwa jina la Mama Sweta. Kwa miaka kumi na minane mashine yake ya kufuma imekaa karibu na dirisha, na yeye akiwa ameinama juu yake, anasukuma kishikio kushoto, anakirudisha kulia, krrr, krrr, mpaka majirani wakawa wanalala mchana kwa mlio huo na kuamka ukinyamaza. Sare za nusu ya shule za upande ule zimepita mikononi mwake. Alikuwa akitoa sweta sita kwa siku, na shingo zake zilikaa sawa kama zimechorwa. Halafu, miaka mitatu iliyopita, ugonjwa wa viungo ukaanza kwenye vidole vya mkono wa kulia, ukaja kushoto, ukashuka magotini. Asubuhi mikono huamka imefungwa ngumi, na huchukua mpaka saa nne kufunguka. Siku hizi akijikaza sana anamaliza sweta mbili kwa wiki. Kuna wiki anamaliza moja na mkono mmoja wa nyingine.

Daktari Wangari, mwanamke mfupi asiyependa kuzungusha maneno, alikuwa amemwambia jambo moja ambalo Jerop halisahau hata akiwa usingizini: "Mama Cate, vidole vikishapinda, havirudi." Na kile kidole kidogo cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimeshaanza kuinama upande, taratibu, kama mtu anayetaka kuondoka mkutanoni bila kuonekana.

Jumanne hiyo, saa tano na nusu, wakamwita kwenye meza ya Dennis. Dennis ndiye karani wa kliniki, mwanamume wa makamo mwenye miwani na sauti ya kusoma matangazo kanisani. Kazi yake ni kujaza fomu. Kila mgonjwa, kila mwezi, kabla hajamwona daktari, lazima apite kwake aulizwe maisha yake yanaendaje.

"Mama Cate, karibu. Unajua kawaida yetu. Nauliza kuhusu leo. Jana na kesho tunaziacha. Kutembea?"

"Si umeniona nikiingia?"

"Hakuna shida." Akaweka alama. "Kuoga na kuvaa?"

"Nimeoga. Nimevaa."

"Naona, na umependeza. Hakuna shida. Kazi zako za kila siku?"

"Leo nimekuja kwenu. Sina kazi nyingine."

Dennis akafikiri kidogo, akaona ni kweli, akaweka alama. "Maumivu?"

"Ya kawaida."

"Kidogo, kiasi, au mengi?"

"Andika kidogo."

"Wasiwasi? Huzuni?"

"Hiyo ni ya watu wa Nairobi," Jerop akasema, na wote wawili wakacheka.

Kisha ikaja ile picha ya mwisho, mstari mrefu uliosimama kama kipimajoto, chini sifuri, juu mia. Afya yako leo iko wapi? Dennis alikuwa amemweleza tangu mwezi wa kwanza kwamba fomu hiyo inawasaidia kuboresha huduma. Jerop amelea mtoto katika nchi ya mitihani. Anajua alama ni nini. Ukimpa mtu arobaini umemwambia ameanguka. Na watu hawa walikuwa wakimpokea vizuri, wanampa kiti, wanamwita mama. Angewezaje kuwapa arobaini? Angependa kuwapa tisini, lakini aliona tisini itafanana na kujipendekeza.

"Themanini na tano," akasema.

"Asante, Mama Cate. Unaendelea vizuri sana."

Akatoka amefurahi, kama mtoto aliyepeleka ripoti nzuri nyumbani. Na mwaka mzima ulikuwa umekwenda hivyo.

Alhamisi ya wiki hiyo alipeleka sweta kwa Ruwayda. Duka la sare la Ruwayda liko mjini, katikati ya maduka ya mabati na ya magodoro; babu yake alilifungua zamani alipofika hapa na lori moja kutoka Garissa, na sasa mjukuu ndiye anayekaa nyuma ya meza na buibui lake jeusi na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa ameagiza sweta mia moja na ishirini za shule moja, ziwe tayari shule zitakapofunguliwa Januari. Jerop akafungua mfuko. Ruwayda akahesabu, akahesabu tena.

"Mama Cate, hizi ni tisa."

"Najua."

"Mwezi mzima, tisa. Na baridi ya Eldoret unaijua. Hao wengine nitawavisha uzi?"

"Nitajikaza."

Ruwayda akamtazama mikono. Alikuwa na ulimi mkali, lakini si mtu mbaya. Akavuta kiti, akamsukumia.

"Mama yangu pia alikuwa hivi hivi. Alikuwa hawezi hata kushika sufuria. Tangu aanze zile sindano, ai! Anafua, anapika, ananipigia kelele mpaka huku dukani."

"Sindano gani?"

"Za hapo kliniki kwenu. Si ni kliniki moja? Nafasi ni kumi na mbili tu kwa mwaka, ni za wafadhili. Wanaangalia damu, wanaangalia viungo, halafu wanaangalia zile alama. Waliomwita walisema yeye ako chini sana, ishirini na mbili."

"Alama gani?"

"Za Dennis. Kwani nyinyi mnaulizwa na nani?"

Nje mkokoteni wa viazi ulikuwa umeziba njia na madereva walikuwa wakitukanana.

"Wewe ulipata ngapi?" Ruwayda akauliza.

Jerop akaona haya kusema. "Themanini na tano."

Ruwayda akaangua kicheko, kisha akaona uso wa mwenzake, akaziba mdomo. "Wallahi, Mama Cate. Wewe ndio namba moja darasani."

"Nilifikiri ninawapa wao."

"Mama yangu hafikiri. Yeye hata mbu akimuuma anataka ambulensi. Alienda na dera la kulalia na sandali mbili tofauti. Dennis akamuuliza, mama, unaweza kuvaa mwenyewe? Akamwambia, kijana, kama ningeweza kuvaa ningekuja na hii?"

Jerop alirudi Munyaka kwa miguu, ingawa magoti yalimsihi asifanye hivyo. Hasira aliyokuwa nayo haikujua pa kukaa. Alitaka kumkasirikia Dennis, lakini Dennis alikuwa ameandika alichoambiwa. Alitaka kuikasirikia fomu, lakini fomu ni karatasi, na karatasi haina uso wa kupigwa kofi. Akamkasirikia hata marehemu mamake na viatu vyake, kisha akatubu. Mwaka mzima! Mwaka mzima alikuwa akipanda ule mstari kwa bidii, alama tano, alama kumi, na kila alama aliyopanda ilimsogeza mbali na dawa. Ni kama mtu aliyepotea msituni Kaptagat akakaza mwendo, na kumbe kila hatua inampeleka ndani zaidi.

Jioni alimwambia Cate. Alitegemea mtoto atamhurumia. Cate akaweka mwiko chini.

"Ngoja. Dennis anakuuliza kama unaweza kuoga na kuvaa?"

"Ndiyo."

"Na unamwambia?"

"Namwambia nimeoga, nimevaa."

"Umeoga!" Cate akasimama katikati ya jikoni. "Mum, ni nani anakuogesha? Ni nani anafunga hivyo vifungo kumi na moja? Ninaamka saa kumi kila siku. Kwa saluni wananiita Jogoo. Na kwa hiyo fomu mimi siko? Hata kwa kidole kimoja?"

"Sikutaka wajue mtoto wangu ananiosha."

"Kwani ni aibu?"

Ilikuwa aibu, naam. Ilikuwa aibu kubwa kuliko maumivu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi kulijua.

"Mwezi ujao," Cate akasema, akiuokota mwiko, "hakuna kidonge. Hakuna viatu vyeusi. Na mimi nakuja."

Jumanne ya Novemba ikafika. Jerop hakumeza kitu. Alivaa gauni la kulalia, akajifunga leso juu yake na nyingine kichwani, akavaa malapa. Kutoka nje ya lango la plot yao ya kupanga kulimchukua muda mrefu kuliko kufuma shingo ya sweta. Majirani wakamsalimu kwa sauti ya msibani. Yule fundi wa viatu wa pale kona, ambaye amemwona akipita na gauni la vifungo kila mwezi, akauliza, "Mama Sweta, kumetokea nini?" Naye, kwa mazoea, akajibu, "Hakuna kitu." Cate akamfinya. "Nimeamka vibaya," akajirekebisha, na uso ukamwaka moto.

Dennis alipomwona akaondoa miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mama Cate?"

"Uliza."

Akauliza. Safari hii majibu yalimtoka Jerop moja moja, kama mtu anayetapika. Kutembea, shida kubwa. Kuvaa, siwezi. Kazi, kwa wiki nafuma sweta moja na mkono mmoja wa nyingine. Maumivu, mengi. Wasiwasi? Akautazama mkono wake wa kulia. Halafu akasema, "Nalala nikifikiria kidole changu." Kwenye ule mstari mrefu akaweka kucha yake kwenye ishirini.

Dennis hakuandika. Aligeuza faili nyuma, akatazama mwezi uliopita, akakuna kidevu. "Themanini na tano, halafu ishirini. Hii lazima daktari aione."

Daktari Wangari akaja na faili mkononi, akiwa amesimama, kama mtu mwenye watu wengi wanaomngoja.

"Mama Cate, nitakuambia ukweli. Wewe ni wa sita wiki hii. Habari za sindano zimetoka, na tangu zitoke, wagonjwa wangu wote wameanguka kutoka themanini hadi ishirini. Kuna mzee mmoja alikuja jana akichechemea mguu wa kushoto. Wakati wa kutoka akachechemea wa kulia."

Kwenye benchi la nyuma mtu akacheka.

"Mimi sidanganyi," Jerop akasema.

"Sijasema unadanganya. Nasema karatasi inasema mambo mawili. Na si fomu tu. Nilikushika hivi viungo mwezi uliopita, havikuwa vimevimba hivi. Nimeandika mwenyewe. Nikienda kwa wenzangu na hii, watauliza ni siku gani ulikuwa ukisema kweli."

"Leo!"

"Na mwaka mzima?"

Hapo Cate akaingilia. "Daktari, amekuwa akimeza vile vidonge vyeupe. Kila siku ya kliniki."

Daktari akageuka polepole. "Siku ya kliniki tu?"

"Viwili, alfajiri," Jerop akasema. "Vingine vyote naviweka."

"Unaweka? Nilikupa umeze ukiwa na siku mbaya. Kwa nini unameza siku ya kuja kwangu?"

Jerop akavuta leso ifunike malapa yake. "Ili nisije hospitali nikiwa mgonjwa."

Benchi zima likacheka, na Dennis naye, kisha Dennis akaacha. Daktari Wangari hakucheka. Alikaa chini kwa mara ya kwanza, akaweka faili mapajani, akashika mkono wa Jerop wa kulia na kubonyeza kila fundo la kidole, moja baada ya jingine. Jerop, ambaye tangu utotoni hajakunja uso mbele ya mgeni, akaukunja. Alipofika kwenye kile kidole cha mwisho, daktari akakinyoosha. Hakikunyooka.

"Mwaka mzima nimekuwa nikipima vidonge," daktari akasema, kama anajisemea. Kisha kwa sauti ya kawaida: "Nafasi za mwaka huu zimekwisha. Ijumaa tunakaa kupanga majina ya Machi."

"Machi?" Cate akasema.

"Machi. Na sitaki kuwaahidi. Watu ni wengi."

Jerop akapiga hesabu kichwani. Januari shule zinafunguliwa. Sweta mia na zaidi zilikuwa bado ni uzi ndani ya magunia ya Ruwayda. Angeyarudisha magunia hayo wiki hii hii, kwa mdomo wake mwenyewe, apewe mtu mwingine mwenye vidole. Na wateja wakishazoea mkono mwingine hawarudi, hata ukipona. Kwa mara ya kwanza mbele ya koti jeupe hakujizuia.

"Mnaniuliza kuhusu leo," akasema, na sauti yake ikasikika mpaka dirisha la dawa. "Leo, leo, leo. Saa tano na nusu! Hiyo saa mikono yangu imeshafunguka. Njooni mniulize saa kumi na mbili asubuhi, nikishindwa kugeuza ufunguo. Mnaniuliza kama nimevaa. Niulizeni aliyenivalisha! Mnaniuliza kazi siku ambayo nimeacha kazi kuja kwenu. Halafu mnaniambia naendelea vizuri. Na mimi, mjinga, nikawa naenda nyumbani nimefurahi."

Hakuna aliyecheka.

Daktari akainuka. "Ijumaa, kwa namba peke yake, hakuna atakayeniamini," akasema. "Nataka kitu cha kuwasomea wenzangu. Haya uliyosema, Dennis ayaandike. Yote, na saa zake. Na binti naye aseme yake. Rudi baada ya wiki mbili bila kumeza vidonge, nikushike tena, wenzangu wapate uthibitisho." Akaenda, maana mlangoni kwake palikuwa na watu wanne.

Dennis akaitazama fomu. "Hakuna nafasi ya maelezo hapa, Mama Cate. Ni visanduku tu."

"Geuza."

Dennis akageuza karatasi. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe mtupu.

"Saa kumi alfajiri," Jerop akaanza, "Cate anawasha taa. Mimi nimeamka zamani, lakini siwezi kujifunua blanketi. Umeandika? Saa kumi na moja ananiosha. Andika ananiosha. Andika jina lake."

"Catherine Jepchumba," Cate akasema, akisogea karibu na meza.

Wakaendelea. Kifungo kwa kifungo, kikombe kwa kikombe. Wakaandika kuhusu mfuniko wa mtungi, kuhusu kitasa cha choo, kuhusu kishikio cha mashine ambacho sasa anakisukuma kwa kiwiko, kuhusu safu tatu zilizochomoka kwa sababu kidole hakikuhisi uzi. Cate akakumbuka mambo ambayo Jerop alikuwa hayakiri hata moyoni mwake. Nyuma yao foleni ikaanza kuguna.

"Mama, na sisi? Mnaandika kitabu hapo?"

"Ngojeni," Jerop akasema bila kugeuka. "Mimi nimengoja mwaka."

Mwandiko ulifika katikati ya ukurasa, ukapita, ukaanza kupinda kwenye ukingo wa karatasi. Dennis akaweka kalamu, akakunjua vidole, akavikung'uta hewani.

"Mkono umechoka, Mama Cate. Tupumzike kidogo."

Jerop akautazama ule mkono, mzima, mnene, unaofunguka na kujifunga wenyewe bila kuombwa.

"Andika," akasema.